Magugu ya Karura, viwavi wa Gede

Kwetu Kindu, mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo, uwanja mzuri ni ule usio na jani. Kabla jua halijapanda juu ya mto Lualaba, kuanzia Kasuku hadi Mikelenge na ng'ambo kule Alunguli, mafagio yanaanza kazi. Kina mama na wasichana wameinama, wanafagia udongo mpaka ibaki mistari ya fagio tu. Jani likiota karibu na mlango ni aibu ya mwenye nyumba, tena ni maficho ya nyoka. Miti inayovumiliwa ni ile inayolisha: mwembe, mpapai, mchungwa, mparachichi, na mchikichi mmoja au miwili nyuma ya jiko. Mengine yote ni pori, na pori Maniema halijawahi kupungua machoni pa mtu. Ukitoka mjini kidogo linakungoja.

Hiyo ndiyo fikra niliyosafiri nayo kwenda Kenya, na ndiyo iliyonisimamisha katika msitu wa Karura, kaskazini mwa Nairobi, asubuhi moja ya Jumamosi. Watu wa kila umri, wamevaa glavu na buti za mpira, walikuwa wanang'oa vichaka vilivyojaa maua ya rangi ya chungwa. Waliking'oa kichaka kizima na mizizi yake, wakakitupa kwenye lundo. Pembeni walibakiza vijiti vyembamba visivyo na ua wala harufu, wakavizungushia majani makavu kwa uangalifu kama mtu anayemfunika mtoto. Mtu wa Kindu angeapa kwamba wamegeuza kazi: wanatupa bustani, wanatunza pori.

Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi alinieleza huku mikono yake ikiendelea. Kichaka kile kinaitwa sestramu, kilitoka Amerika ya Kati, kikaletwa kwa ajili ya uzuri wake. Mwenzake ni lantana, naye mgeni kutoka Amerika vilevile. Vikishika ardhi, mbegu za miti ya hapa hazipati mwanga wa kuota. Vile vijiti nilivyovidharau vilikuwa mikinduri na mirarachi, miti ya nyanda za juu za Kenya. Nikamwambia kwamba kwenye lantana nimeona vipepeo wengi, sasa ubaya uko wapi?

"Wanakuja kunywa," alisema. "Lakini mayai wanataga wapi? Kiwavi hali kila jani, baba. Yule wa murarachi ukimpa lantana atakufa njaa amekaa juu ya chakula. Hii lantana ni hoteli, si nyumba."

Karura ni msitu wa hekta zaidi ya elfu moja ndani ya mji mkuu, na haukubaki hapo kwa bahati. Miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti, wakashambuliwa na vijana waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Picha zikazunguka dunia, wanafunzi wakaingia mitaani, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi za umma. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2005 ikaruhusu wananchi waunde vyama vya kusimamia misitu pamoja na serikali, na ndipo wakatokea Marafiki wa Karura. Uzio ukajengwa, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa watu kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli mahali ambapo wenyeji wanasema zamani uliingia ukiwa umeandika wosia. Mbega weusi kwa weupe wakaletwa kutoka Kipipiri, wakazaana. Sehemu kubwa iliyokuwa mikaratusi ya wakoloni inarudishiwa miti ya asili, kipande baada ya kipande.

Hizo ni habari zinazoandikwa vitabuni. Kilichonishika mimi ni jinsi watu wale walivyokaa pamoja. Alikuwepo mhasibu wa benki, kijana mmoja kutoka kijiji cha Huruma kilicho pembeni ya msitu, mama wa Kihindi aliyekuja na mjukuu wake, na mzee aliyekaa juu ya gogo akinoa panga za wenzake. Mhasibu hakujua kutofautisha miche. Kijana wa Huruma ndiye aliyekuwa anamwelekeza, na kwa sauti isiyo na haya: "Hapana boss, huo wacha, ni mti." Nairobi ina kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu yake, na walinzi kwenye kila geti. Sikuona mahali pengine katika mji ule ambapo kijana wa kijiji kama kile anamwambia mtu wa benki akae chonjo na mkono wake, na mtu wa benki anasema asante.

Saa nne wakaketi. Chai ya maziwa ikamiminwa kutoka chupa, mandazi yakazunguka, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga na mtoto wa fulani aliyekosa karo. Mtu mmoja ambaye hakuonekana wiki hizo aliulizwa kwa jina, na mwingine akaahidi kupita kwake kumjulia hali.

Kwetu tunayo salongo, na ni vigumu kuitazama kazi ya hiari bila kuikumbuka. Wazee wa Kindu wanaijua tangu miaka ya 1970, wakati Mobutu na chama chake cha MPR walipoamuru raia watoke siku moja kila wiki kufyeka, kuzibua mitaro na kufagia barabara. Ambaye hakutoka alipigwa faini au aliwekwa ndani. Mpaka leo salongo ya Jumamosi inatangazwa, na maduka hufungwa kwa saa kadhaa. Watu wanashika majembe ofisa akiwa anatazama, na ofisa akigeuka majembe yanageuka viti. Si kwamba sisi ni wavivu. Yeyote aliyewaona wanawake wa Maniema wakipalilia mpunga hawezi kusema neno hilo. Ila tulifundishwa, kwa muda mrefu, kwamba kazi ya pamoja ni kazi ya mwenye amri. Ukimwita jirani leo mkasafishe kijito, swali lake la kwanza ni nani amekutuma, na la pili ni pesa zimekaa kwa nani.

Kenya nayo ina amri zake. Serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 taifa zima likapewa mapumziko ya kwenda kupanda. Nilimuuliza mwalimu wangu wa Karura kama siku ile ilikuwa na faida. Alicheka kidogo. Kupanda, alisema, kuna mpiga picha. Kupalilia hakuna. Hata hivyo alikiri kwamba baadhi ya wenzake wa Jumamosi walianzia siku ya picha, wakarudi baada ya wiki kutazama mche wao, wakaukuta umemezwa na lantana, na hasira hiyo ndiyo iliyowabakiza.

Limuru, juu kwenye baridi na mashamba ya chai, nilipita haraka zaidi, ingawa kwa mpenzi wa mimea pangestahili makala yake. Mahali panapoitwa Brackenhurst, zaidi ya mita elfu mbili juu ya usawa wa bahari, mtaalamu wa mimea Mark Nicholson na wenzake walianza mapema miaka ya 2000 kuondoa mikaratusi na kupanda miti ya asili ya Afrika Mashariki. Leo unaingia kwenye kivuli kizito, unasikia kijito na ndege, na unalazimika kujikumbusha kwamba msitu huu ni mdogo kwa umri kuliko mtu anayekutembeza. Kilichonibakia ni kitalu: vikopo vya maziwa, chupa zilizokatwa, mifuko myeusi, na kila kimoja na jina lililoandikwa kwa mkono. Mbegu nyingi haziuzwi dukani. Lazima mtu ajue mti mama uko wapi na unazaa mwezi gani, kisha afike kabla ya tumbili. Elimu ya namna hiyo Maniema imejaa vichwani mwa wawindaji na waganga, na hakuna anayewauliza.

Nairobi penyewe nilikula vizuri, tena mboga ambazo miaka ya nyuma mtu wa mjini aliziona chakula cha maskini. Lenga-lenga yetu wao wanaiita terere. Wana managu, yenye uchungu kidogo, wana saget na kunde, na zote ziko sokoni na kwenye hoteli za heshima. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alitumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga hizi za kienyeji wakati wataalamu wengine waliziita magugu. Nilikula managu na ugali mgumu wa mahindi meupe. Kwa ladha ni ndugu wa sombe yetu ya majani ya muhogo. Kwa mafuta, hapana: mboga bila mawese mimi naiona kama imesahauliwa jikoni.

Huko pia ndiko nilikosikia habari ya mpapai, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu nusu ya viwanja vya Kindu vina mpapai. Kuna mipapai dume na mipapai jike. Dume hutoa maua bila kuzaa, kwa hiyo watu wanaukata kama mlaji asiyefanya kazi, kisha wanashangaa jike nalo linapukutisha. Mtaalamu wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, alifuatilia nani anayepeleka chavua kutoka dume kwenda jike. Ni nondo wakubwa wanaoruka kwa kasi wakati wa magharibi, giza likianza kuingia, wakati mkulima yuko ndani anasubiri chakula. Nondo hao wakiwa viwavi hawaishi kwenye mpapai. Wanakula majani ya mimea ya porini kwenye kingo za shamba. Shamba lililo karibu na kichaka cha asili hupata wageni wengi zaidi jioni. Ukifyeka kingo zote ili shamba lionekane safi, umemfukuza mfanyakazi ambaye hujawahi kumwona.

Nilipiga hesabu ya sufuria zetu. Mpunga, fahari ya Maniema, huchavuka wenyewe. Muhogo tunapanda vijiti, na ndizi tunapanda machipukizi. Mtu anaweza kuishi Kindu maisha yake yote akila bugari, wali na sombe bila kudaiwa chochote na nyuki, na labda ndiyo maana nyuki kwetu ni asali tu, tena asali ya kuchomea moto usiku. Lakini boga halizai bila nyuki, na bila boga hakuna mbika, mbegu zake, za kusaga na kufungia kwenye majani. Mchikichi, ulio mti wa Afrika hasa, una mdudu wake mdogo anayezunguka kati ya ua dume na ua jike. Mchikichi ulipopelekwa Malesia, mdudu aliachwa nyuma, na kwa miaka mingi wakulima wa huko walilazimika kulipa watu wapake chavua kwa mkono. Mwaka 1981 mdudu huyo alitolewa Kamerun akapelekwa Malesia, na mikono ile ikapumzishwa. Sisi tunaye bure.

Pwani ni dunia nyingine. Gede iko kati ya Malindi na Kilifi, na jina lake wengi wanalijua kwa magofu: mji wa Waswahili wenye misikiti, visima na jumba la kifalme, ulioachwa karne ya 17 ukamezwa na miti, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mtu wa Maniema anatembea pale kwa hisia mbili. Lugha ninayoandikia, mpunga tunaojivunia, kofia na kanzu za Kasongo, vyote vilikuja kwa njia ya misafara kutoka pwani hii, na kwa njia hiyohiyo watu wa kwetu waliteremshwa wamefungwa shingo. Nyangwe haijasahau mauaji ya sokoni ya mwaka 1871 ambayo Livingstone aliyaona kwa macho yake. Miembe yetu mikubwa, ambayo mtu akitaka kuikata Kindu anaweza kupigwa, nayo ni mgeni aliyetoka upande wa bahari. Basi sikuweza kuwa mkali sana juu ya miti ya kuletwa.

Ukingoni mwa magofu kuna mradi unaoitwa Kipepeo. Ulianza mwaka 1993, ukibuniwa na mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa sababu ya ugomvi wa wazi. Jirani yake uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake anaishi sengi mwenye matako ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke aliyejulikana kwa sayansi miaka ya 1960 tu. Wakulima walioishi kando yake hawakuona dhahabu yoyote. Waliona tembo waliokula mahindi na nyani waliochimba muhogo, na wengi wao walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Ukiishi karibu na hifadhi, unawaelewa. Hifadhi ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016 upande wetu wa Maniema na Tshopo, ina lesula, kima mwenye uso kama wa binadamu aliyetambulishwa kwa dunia mwaka 2012, lakini mwanakijiji aliyezuiwa kuwinda hataulizia uso wa kima.

Jibu la Gede lilikuwa viwavi. Mkulima anaruhusiwa kukamata vipepeo majike wachache, anawaweka kwenye kibanda cha wavu nyumbani pamoja na majani wanayoyataka, majike wanataga, mayai yanaanguliwa, na viwavi wanalishwa mpaka wajifunge ndani ya ganda kuwa mabundo yaliyotulia. Mabundo hayo ndiyo yanayouzwa. Yanafungwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Uingereza na kwingineko. Safari haina nafasi ya uzembe, kwa maana zimebaki siku chache tu kabla ya mbawa kutoka, na mnunuzi hataki boksi la mbawa zilizokunjamana.

Mama mmoja wa Kigiriama, mwenye leso mbili na sauti ya kuamuru, alinionyesha kiwanja chake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama viatu. Uwanja wake haukuwa umefagiwa hadi mpakani. Karibu na mlango, ndiyo, udongo ulikuwa safi kama wa Kindu. Lakini nyuma ya jiko kulikuwa na kichaka kinene kilichopangwa kwa akili: miche ya mbambakofi, jamaa za mlimau wa porini, mitambaazi, miti midogo ambayo majina yake ya Kigiriama yalinipita masikioni. Kila mmoja ulikuwa na mlaji wake, na yeye aliwajua kama mwalimu anavyojua orodha ya darasa.

"Huu wa nani?" nilimuuliza, nikionyesha kimti kilichotobolewa majani yote.

"Huo umeliwa ukaisha," alisema kwa furaha ya mtu anayehesabu fedha. Mwanzoni walikuwa wanakwenda msituni kukata majani kila asubuhi. Ni mbali, na wenzao nao wanakata palepale. Kwa hiyo walianza kupanda nyumbani. Mbegu wanapeana, na aliyefaulu kuotesha aina ngumu anaitwa na jirani kuja kuonyesha. Vikundi vyao vina mweka hazina, vina ugomvi, vina michango ya misiba. Pesa ndiyo iliyowaleta, yeye hakuficha hilo hata kidogo, na mimi simwamini sana mtu anayesema watu maskini watunze wadudu kwa mapenzi tu. Lakini jioni ile wanawake watatu walikuja kibandani kwake kutazama kipepeo mmoja ambaye jike lake hujifananisha na vipepeo wenye sumu ili ndege wamwache. Hawakuja kununua wala kuuza. Walikuwa wanabishana kama huyu mpya ni jike au dume, na ubishi ulichukua muda wa chai mbili.

Kisha wakataka kujua: je, Kongo kuna vipepeo? Nikawaambia wako tele, pamoja na nondo, ila sisi tunawala kabla hawajapata mbawa. Ukelele ulitoka. Niliwaeleza mbinzo, viwavi wetu wa kuliwa: zinavyookotwa chini ya miti mikubwa msimu wake ukifika, zinavyochemshwa kwa chumvi, zinavyokaushwa na kupimwa kwa kikombe sokoni, zinavyopikwa na kitunguu na mawese. Wakati zinapatikana, nyama inapoa bei. Mama mwenye nyumba alishika mdomo. Kisha, kama mfanyabiashara, akauliza la maana: "Na hiyo miti yao mmepanda?"

Hapana. Hatujapanda. Kila mbinzo ina mti wake, na miti hiyo mingine ni ileile inayotafutwa na wapasua mbao. Sapeli ni mfano: unalisha aina moja inayopendwa sana, na gogo lake linauzwa ng'ambo. Upande wa pili wa nchi yetu, Kongo Central, ambako misitu imekwisha kwa mkaa, watu wameshaanza. Paul Latham wa Jeshi la Wokovu aliorodhesha mbinzo za huko pamoja na miti yake katika kitabu cha mwaka 2003, na wako wakulima wanaopanda miti hiyo na kupandikiza viwavi juu yake. Walingoja mpaka pori likaisha.

Gede si peponi. Nyumba za maonyesho zilipofungwa na ndege kusimama mwaka 2020, mabundo yalikosa pa kwenda. Tanzania, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wakulima wa Amani walioanza kazi ya namna hiyohiyo mwaka 2003 walipigwa na amri ya serikali ya mwaka 2016 iliyozuia kusafirisha wanyamapori hai. Amri haikumlenga kipepeo, lakini kipepeo naye ni mnyama. Soko lililo mbali linaweza kufungwa na mtu ambaye hajui kama upo. Ndiyo sababu pale Gede wameongeza asali na mizinga, ikiwemo ya wale nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao ni nyembamba na chachu na inauzwa kwa bei ya dawa. Nilionjeshwa kwa ncha ya kijiti. Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nikasema ukweli wangu: kwa samaki wametushinda. Kwa wali, mchele wa Maniema ungekaa pale mezani bila aibu.

Niliporudi Kindu niliyasimulia haya kwa majirani, kina mama wa kikundi ambao hukutana Jumapili alasiri chini ya mwembe kwa ajili ya akiba yao. Sikuwaambia neno salongo. Nilianza na mpapai dume, na mmoja akasema mumewe ameukata wa kwao juzi tu, wenzake wakamcheka. Nikaendelea na mbinzo, na fumbwa. Fumbwa tunayokula ni mboga ya majani inayotoka porini, na kila mwaka wachumaji wanakwenda mbali zaidi. Kamerun, ambako mmea huohuo wanauita eru, watafiti wa bustani ya mimea ya Limbe walionyesha kwamba unaweza kuoteshwa kwa vipande vya shina, ukapanda juu ya mti na kuvumilia kivuli. Maana yake kamba ya fumbwa na mti wa mbinzo vinaweza kukaa sehemu moja, nyuma ya choo, mahali ambapo kwa sasa tunafagia bure.

"Na nyoka?" aliuliza wa kwanza, kama nilivyotarajia. Wakakubaliana haraka kuliko nilivyodhani: mbele pabaki peupe, kichaka kiwe nyuma, mbali na mlango wa jiko, na watoto wafundishwe.

Swali la pili ndilo lililowachelewesha hadi jua likazama. Msituni, mbinzo ikianguka ni ya aliyeiokota, hata kama mti uko karibu na shamba la mwingine. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na hakuna anayepeleka kesi ya mbinzo kwa chifu. Sasa mti ukiwa umepandwa na mtu, kwenye kiwanja chake, na viwavi wamepandishwa kwa mkono wake, halafu watoto wa jirani wakaingia alfajiri na ndoo, ni wezi au ni watoto? Mama mmoja alisema ni watoto. Mwingine, aliyewahi kuibiwa kuku, alisema ni wezi na atawashika masikio. Wa tatu akapendekeza mti wa kwanza upandwe kwenye ardhi ya kikundi, si ya mtu, ili kila mwenye kupalilia awe na haki ya kuokota. Yule wa kuku akamuuliza nani ataandika daftari la waliopalilia. Wakamtazama katibu wao. Katibu akasema anataka kwanza aongezewe daftari na kalamu, na hela zake zitoke kwenye akiba. Hilo wakaliahirisha hadi Jumapili nyingine.